Hoteli yetu imenunuliwa, tunaambiwa tusaini barua ya kuacha kazi

"Assalaam alaykum Wakili. Mimi ni msimamizi wa usafi wa vyumba kwenye hoteli moja ya upande wa mashariki, Unguja. Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja hapo. Hoteli ilikuwa ya familia moja, sasa tumeambiwa imechukuliwa na kampuni kubwa ya nje yenye mahoteli nchi nyingi. Wiki iliyopita afisa utumishi alituita, akampa kila mmoja karatasi mbili. Ya kwanza ni barua ya kuacha kazi kwa hiari yangu, imeshachapwa, imebaki saini tu. Ya pili ni mkataba mpya wa mwaka mmoja, kwa Kiingereza, na una miezi mitatu ya majaribio. Mshahara umeongezwa kidogo. Tumetakiwa kuzirudisha kabla ya Ijumaa ijayo. Baadhi ya wenzangu wanasema kampuni ikiuzwa ni lazima tulipwe mafao yote kwanza ndipo tuanze upya. Wengine wanasema asiyesaini atatoka mikono mitupu. Nina mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara, bado miaka miwili. Na michango yangu ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ZSSF, itakuwaje? Nisaini au nisisaini?"

Wa alaykum salaam, dada yangu. Nianze na la haraka kwa sababu Ijumaa haiko mbali: barua ya kuacha kazi usiisaini. Mkataba mpya tutauzungumza, na huenda ukawa na kheri ndani yake, lakini ile barua ni jambo jengine kabisa. Hoteli inaweza kuuzwa, kununuliwa na kukabidhiwa funguo bila msimamizi wa vyumba kuandika kwamba ameondoka kwa hiari yake. Anayekuletea barua ya namna hiyo ikiwa imeshachapwa anataka miaka yako kumi na moja iishe bila ya kuonekana kuwa kuna mtu aliyeikatisha.

Nimelisoma swali lako mara mbili, na naona hofu yako kubwa ni kupoteza kazi. Kwa ulivyoeleza, kazi yenyewe haiko hatarini kwa sasa. Wanakutaka, ndiyo maana wamekuandalia mkataba na kuongeza mshahara. Kilicho hatarini ni utumishi wako, yaani ile tarehe ya kuanza kazi iliyoandikwa kwenye mkataba wako wa mwanzo. Tarehe hiyo imebeba vitu vingi ambavyo mtu havioni mpaka siku ya kuondoka: malipo ya mwisho yanayohesabiwa kwa miaka, siku za likizo ulizojilimbikizia, nafasi yako pale wanapopunguzwa watu, na ule ugumu wa kumwachisha kazi mtu ambaye muda wake wa majaribio ulikwisha zamani. Ukisaini karatasi mbili hizo kwa pamoja, Jumamosi utaamka ukiwa mfanyakazi mpya mwenye majaribio ya miezi mitatu na mkataba unaokufa wenyewe baada ya mwaka. Nyongeza ya mshahara kidogo ni bei ndogo mno kwa kitu kama hicho.

Sasa tuingie kwenye kiini. Watu wote wanauliza nani kanunua. Swali lenye faida kwako ni jengine: kanunua nini? Kuna njia mbili kuu, na zinafanana sana kwa mtu aliyesimama nje.

Njia ya kwanza ni kununua hisa. Kampuni ni mtu wa kisheria: ina jina lake, namba yake ya usajili, madeni yake, na mikataba yake. Wewe hukuajiriwa na Bwana Fulani mwenye familia ile hata kama yeye ndiye aliyekupokea siku ya kwanza. Umeajiriwa na kampuni. Wenye hisa wakiziuza, wanaobadilika ni waliokaa nyuma ya kampuni. Mwajiri wako ni yule yule. Mkataba wako haukuvunjika wala haukuhamishwa, kwa hivyo hauhitaji kuandikwa upya. Siku ya mauzo ni siku ya kazi kama nyengine.

Mfano tunao hapa hapa. Kampuni ya simu ya Zantel ilianza mwaka 1999, ikawa na Etisalat kama mwenye hisa mkubwa. Mwaka 2015 Millicom, wenye Tigo wakati ule, walizinunua hisa asilimia 85, na asilimia 15 zikabaki kwa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Mwaka 2022 kundi la Axian likazinunua Tigo na Zantel zote mbili kutoka kwa Millicom, na jina la Yas likaja mwishoni mwa 2024. Kwa mteja haya ni mabadiliko ya rangi na matangazo. Kwa mwanasheria wa kazi kuna matukio ya aina mbili tofauti humo ndani: hisa kubadilisha mikono, jambo ambalo peke yake haliugusi mkataba wa mtu; na kampuni mbili kuunganishwa shughuli zao, jambo linaloweza kuugusa.

Njia ya pili ni kununua biashara na mali zake: majengo, haki ya kukodi ardhi, vitanda, jina, wateja waliokwisha kuweka nafasi. Kampuni ya zamani haikununuliwa. Inabaki na makabati matupu na fedha benki, mpaka wenyewe watakapoamua kuifunga. Hapa ndipo mfanyakazi anapoweza kuanguka katikati. Mtu akinunua daladala, dereva na utingo hawamo kwenye kadi ya gari. Mnunuzi wa mali hajanunua mikataba ya watu, na wewe nawe hujauzwa.

Hilo la mwisho lina historia yake. Mwaka 1940 House of Lords, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati ule, iliamua kesi ya mchimba makaa aitwaye Nokes. Kampuni yake ilikuwa imeunganishwa na nyengine kwa amri ya mahakama, mwenyewe bila ya kujua, kisha kampuni mpya ikamshtaki kwa kutofika kazini kama kwamba ni mfanyakazi wao. Majaji walisema mkataba wa kazi hauhamishwi kutoka kwa mwajiri mmoja kwenda kwa mwengine bila ridhaa ya mfanyakazi. Jaji Atkin aliongeza kwamba haki ya mtu kujichagulia nani wa kumtumikia ndiyo inayomtofautisha na mtumwa wa shamba. Maneno hayo hayahitaji kuelezwa kwa mtu anayepita Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa. Kanuni hii ya ridhaa ni sehemu ya mapokeo ya sheria ya mikataba tuliyoyarithi, na ina makali pande mbili: hawawezi kukuhamisha kwa nguvu, lakini nawe huwezi kumlazimisha mnunuzi wa mali akuchukue.

Nakutahadharisha hapa kwa sababu najua vipande vya sauti vinavyozunguka kwenye simu zenu. Uingereza wenyewe waliibadilisha hali hiyo. Wana kanuni, za mwanzo za 1981 na za sasa za 2006, zinazohamisha mikataba yote moja kwa moja biashara inapouzwa, na miaka ya mtu ikabaki. Afrika Kusini wana kifungu cha 197 katika sheria yao ya mahusiano ya kazi ya 1995 kinachofanya kazi kama hiyo. Kenya hawana uhamisho wa moja kwa moja, na huko waajiri mara nyingi huwapunguza watu kisheria, wakawalipa, kisha mnunuzi akawaajiri upya. Ndugu yako aliyeko London au Mombasa akikwambia "sheria inasema", muulize sheria ya wapi.

Na hata Dar es Salaam ni kwengine kwa jambo hili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ni ya Tanzania Bara. Ile hesabu maarufu ya mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliofanya kazi, mwisho miaka 10, inatoka humo. Sisi tuna Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005 na Sheria ya Mahusiano Kazini Namba 1 ya 2005, na migogoro yetu haiendi CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya Bara. Nimewaona watu wakija na karatasi ya hesabu waliyoipata mtandaoni, wameipigia mstari kabisa, na haiwahusu.

Hoteli zina tatizo lake la ziada. Kwenye hoteli moja kunaweza kuwa na kampuni inayomiliki jengo na kukodi ardhi, kampuni nyengine inayoendesha kwa mkataba wa uendeshaji, na jina la tatu kwenye kibao cha getini ambalo limekodiwa tu. Kibao kinaweza kubadilika bila ya mwajiri wako kubadilika, na mwajiri anaweza kubadilika kibao kikabaki pale pale. Kwa hivyo usijibu swali la "nani mwajiri wangu" kwa kutazama sare uliyovaa. Tazama mkataba wako wa zamani, karatasi ya mshahara, na taarifa yako ya michango ya ZSSF, ambayo inaonesha nani anayekuchangia. Jina la kampuni lililomo mule, herufi kwa herufi, lilinganishe na jina lililo juu ya mkataba mpya. Likiwa ni lile lile, basi inaelekea hisa ndizo zilizouzwa, na hapo barua ya kuacha kazi haina kazi yoyote ya halali ninayoweza kuifikiria. Likiwa jina jengine, basi mwajiri anabadilika kweli, na mnahitaji kuelezwa kwa maandishi miaka yenu inakwenda wapi. Taarifa za kampuni zinaweza kutafutwa kwenye Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, BPRA. Si lazima mtegemee aliyoyasema afisa utumishi kikaoni.

Sasa hao wenzako. Wanaosema lazima mlipwe mafao yote kwanza, wamekosea kama ni hisa zilizouzwa, kwa sababu hakuna aliyeachishwa kazi, na malipo ya kuachishwa kazi hayadaiwi na mtu ambaye bado yumo kazini. Wako karibu na ukweli kama ni mali zilizouzwa: kampuni ya zamani haina tena kazi ya kukupa, kwa hiyo inakupunguza, na inapaswa kukulipa stahiki zako kwa utaratibu wa sheria. Ila angalia vizuri mtego uliomo. Stahiki hizo ni za mtu aliyepunguzwa na mwajiri. Mtu aliyeandika kwamba ameacha kwa hiari yake amejiondoa mwenyewe kwenye orodha hiyo. Mimi nadhani ndiyo sababu ya karatasi ya kwanza.

Wanaosema asiyesaini atatoka mikono mitupu wanarudia vitisho tu. Kutosaini barua ya kujiuzulu si kosa la kazi. Mwajiri anayetaka kukuachisha anatakiwa awe na sababu ya haki na afuate utaratibu, na kupunguza wafanyakazi nako kuna taratibu zake. Akikufukuza kwa sababu tu hukukubali kujifukuza, amekupa kesi nzuri kuliko uliyonayo leo.

Je, ufanye nini na mkataba mpya? Hapa nitakuwa mkweli, kwa sababu hakuna jibu moja linalomfaa kila mtu kwenye hoteli yenu.

Jibu ninalolipenda kwako ni kuukubali mkataba mpya kwa sharti kwamba miaka yako inaingia nao. Wanasheria wa kampuni kubwa wanalijua jambo hili vizuri sana, si ombi la ajabu. Andikeni maneno yafuatayo, na mtake yaingie ndani ya mkataba wenyewe na si kwenye barua ya pembeni: "Utumishi wa mfanyakazi kwa mwajiri wa awali tangu tarehe fulani unatambuliwa kuwa utumishi usiokatika kwa mwajiri mpya, kwa ajili ya likizo, notisi, malipo ya mwisho wa kazi na haki nyengine zote zinazotegemea muda wa utumishi, na hakutakuwa na muda wa majaribio." Na kama mkataba wako wa zamani haukuwa na tarehe ya mwisho, usikubali wenye tarehe ya mwisho bila ya kupata kitu kikubwa badala yake. Mkataba wa mwaka mmoja haukuachishi kazi. Unaisha tu, na siku ukiisha utaambiwa kwamba hakuna aliyekufukuza.

Jibu la pili ni kulipwa na kampuni ya zamani kila kitu, kwa barua ya mwajiri inayosema umepunguzwa kutokana na kuuzwa kwa biashara, kisha ukaanza upya ukiwa na fedha mkononi. Hili silidharau. Ikiwa kampuni ya zamani inafungwa na wenyewe wanahama, fedha ya leo ni bora kuliko miaka iliyoandikwa kwenye karatasi ya mtu ambaye miaka mitatu ijayo naye atauza. Kwa mzee anayekaribia kustaafu inaweza kuwa ndiyo njia. Kwa kijana wa jikoni mwenye mwaka mmoja na nusu haina maana kubwa, asiharibu uhusiano kwa ajili yake.

Jibu la tatu ni kukataa yote. Kama ni mauzo ya hisa, unakataa na unaendelea na mkataba wako wa zamani, na ndiyo haki yako. Kama ni mauzo ya mali, kukataa maana yake umebaki kwa mwajiri asiye na hoteli, na mwisho wake ni kupunguzwa. Utalipwa, lakini kazi hutakuwa nayo. Sisemi usifanye; nasema ujue unachokifanya.

Kuna jambo moja ambalo wafanyakazi hawaambiwi, na mimi nimekaa upande wa waajiri kwenye mauzo kama haya, nalijua. Kabla ya fedha kutoka, mnunuzi mkubwa hupeleka watu wake kukagua vitabu: kodi, madeni, kesi, mikataba ya wafanyakazi, michango ya hifadhi ya jamii. Kila deni lililojificha likigunduliwa, bei hushuka, au sehemu ya bei huzuiwa mpaka lilipwe. Muuzaji naye huwekewa saini kwamba hakuna madai ya wafanyakazi asiyoyataja. Kwa hivyo hizi wiki za katikati, kabla ya makabidhiano kukamilika, ndizo wiki ambazo barua yenu ina uzito kuliko wakati wowote. Likizo ambazo hazikulipwa, saa za ziada za msimu, fedha za huduma zilizokusanywa kwa wageni na hazijagawiwa, miezi ya masika mliyokatwa mishahara bila makubaliano: yaandikeni sasa. Mkisubiri, muuzaji atasema muulizeni mnunuzi, na mnunuzi atasema hilo halikuwa letu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na utumishi ni mali. Andikeni kwa pamoja, chagueni watu watatu wanaoaminika wapeleke, na barua ielekezwe kwa mwajiri wa sasa na nakala kwa mnunuzi. Mambo ya kurusha sauti kwenye makundi ya simu yaacheni. Nimeona mtu mwenye madai mazuri akageuziwa kibao kwa nidhamu kwa sababu ya sauti ya dakika moja.

Bahshishi unazopewa na wageni ni zako na wageni, hazimo kwenye hesabu hii.

Kuhusu ZSSF, tulia. Uanachama ni wako wewe, si wa hoteli. Mfuko ulianzishwa mwaka 1998, na umekwisha kuwaona waajiri wengi wakija na kuondoka. Ukibadilisha mwajiri, namba yako inabaki na michango ya mwajiri mpya inaingia humo humo. La kuangalia ni moja: je, kila mwezi uliokatwa mshahara, fedha ilifika? Nenda ukachukue taarifa yako kamili tangu mwanzo, uipitishe mwezi kwa mwezi ukiwa na karatasi zako za mshahara. Ukikuta mashimo, khasa ya miaka ile ambayo wageni walikuwa hawaji, hilo ni deni la mwajiri wa sasa, na limo kwenye yale ya kudaiwa kabla ya makabidhiano. ZSSF wenyewe wana mamlaka ya kulifuatilia, wape taarifa. Na usisaini ili tu uonekane umeacha kazi ukidhani utapata mafao ya haraka.

Mkopo wa benki ni jambo lililo karibu zaidi na mfuko wako kuliko unavyofikiri. Benki ilikukopesha kwa kuangalia mkataba wako na barua ya mwajiri kwamba mshahara utapitia kwao. Deni ni lako, halihami na hoteli. Mwajiri akibadilika, makato yanaweza kusimama mwezi mmoja au miwili wakati karatasi zinatengenezwa, na wewe ukafurahi kuona mshahara mzima, kumbe unaingia kwenye malimbikizo yenye tozo. Nenda benki kabla, uwaeleze, uwaulize wanahitaji barua gani kutoka kwa mwajiri mpya. Soma pia bima ya mkopo wako: nyingi zinalipa kwa kifo na ulemavu wa kudumu, na si zote zinazolipa mtu akipunguzwa kazi, ile inayolipa kwa kupunguzwa haitamtazama aliyejiuzulu.

Nisikutishe kupita kiasi. Kampuni kubwa si lazima iwe balaa. Mara nyingi zinaleta mishahara inayoingia kwa tarehe, mikataba ya maandishi kwa watu waliokuwa vibarua miaka sita, mafunzo, na nafasi ya kuhamia hoteli nyengine za kundi lao. Lakini fahamu kwamba mabadiliko ya kweli huwa hayaji siku ya kununua. Huja baadaye, watakapounganisha kazi. Uhasibu, manunuzi, kompyuta na kupokea nafasi za wageni huweza kupelekwa kwenye ofisi moja ya kanda. Dobi, bustani na ulinzi hupewa makampuni ya nje. Vyumba haviwezi kusafishwa kutoka Nairobi wala Dubai, kwa hiyo idara yako iko salama zaidi kuliko ya mhasibu wenu.

Kinachonitia wasiwasi kwako ni ukarabati. Wanunuzi wa hoteli hupenda kufunga miezi kadhaa, kubomoa na kujenga upya kwa viwango vyao, na wafanyakazi wakaambiwa wakae nyumbani wataitwa. Kukaa nyumbani bila mshahara ambao hukuukubali, bila tarehe ya kurudi, ni kupunguzwa kazi kwa jina jengine. Ulizeni sasa, kwa maandishi: mna mpango wa kufunga? Lini, muda gani, na mishahara itakuwaje? Wasipotaka kulijibu swali hilo kabla ya Ijumaa, nanyi mna sababu nzuri ya kutosaini Ijumaa.

Wale wenzenu wa mikataba ya msimu, wanaoitwa Juni na kuachwa masika mwaka baada ya mwaka, nao wasijihesabu kuwa hawamo. Wakusanye mikataba yote ya zamani. Kurudiwa kwake kunaweza kuonesha kuwa ajira ilikuwa ya kuendelea, ingawa madai yao ni magumu kuliko yako na yanahitaji mtu wa kuyatazama mmoja mmoja.

Maandishi yangu yana mpaka wake, kwa sababu sijauona mkataba wako. Kabla ya Ijumaa nenda mwenyewe Kamisheni ya Kazi, au kama una chama nenda kwa CHODAWU-Z, chama cha wafanyakazi wa mahoteli. Wakiwa wanatambuliwa hapo hotelini, kuna mambo ambayo mwajiri hawezi kuyabadilisha bila ya kukaa nao. Asiye na uwezo wa kulipa wakili aende Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, ambao wanasaidia Unguja na Pemba. Chukua mkataba wa zamani, karatasi mbili ulizopewa, karatasi za mshahara, taarifa ya ZSSF na mkataba wa mkopo. Ule mkataba wa Kiingereza mtake tafsiri ya Kiswahili kutoka kwao. Mpaka ipatikane, jibu lenu la "bado tunausoma" ni jibu kamili.

Kama yuko kati yenu aliyekwisha kusaini barua ya kuacha kazi, asikae kimya. Aandike leo kwamba alisaini kwa kuambiwa ni sharti la kuendelea na kazi, ataje siku, mahali, na nani alikuwepo, na kwamba hakukusudia kuacha. Ni njia ngumu zaidi, lakini barua iliyoandikwa siku tatu baadaye inasikilizwa kuliko malalamiko ya mwaka unaofuata. Mambo yakishindikana kuna Kitengo cha Kushughulikia Migogoro ya Kazi, kinachojulikana kama DHU, ambako mnaanza kwa usuluhishi, na baada yake Mahakama ya Kazi. Madai ya kazi yana ukomo wa muda, na ni mfupi. Siku ya kuachishwa ndiyo siku ya kuanza kuhesabu.

Barua mtakayoipeleka itoeni nakala mbili. Moja wabaki nayo, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, mrudi nayo. Wakikataa kugonga, itumeni kwa baruapepe siku hiyo hiyo kutoka kwenye simu ya mmoja wenu, na mbakie na ushahidi kwamba imetumwa.